Kuhama Dar kwenda Mwanza: pima kwanza, ndipo uamue cha kubeba

Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Mwenye lori anauza nafasi. Hajali sofa ulilinunua bei gani.

Hatua ya 1: Tafuta bei ya mita moja ya ujazo. Tuseme lori zima la Fuso ni shilingi 1,800,000, na boksi lake ndani ni mita 6 × 2.3 × 2.2. Hizo ni mita za ujazo 30, yaani 60,000 kila moja.

Hatua ya 2: Pima vitu vikubwa kwa sentimita: urefu × upana × kimo, gawa kwa 1,000,000. Sofa la 210 × 90 × 90 linakula mita 1.7, nauli 102,000. Kama hapa linauzika 150,000 na la hali hiyohiyo Mwanza ni 220,000, tofauti ni 70,000 tu. Uza. Kitanda cha mninga kinafunguka na kuegeshwa ubavuni mwa boksi, beba. Kabati la MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) liache hata kwa hasara: ukishalifungua, skrubu hazishiki tena kwenye matundu yaleyale.

Ila angalia hapa, ndipo wengi wanapokosea. Ukikodi lori zima, kutoa sofa moja hakukupunguzii hata shilingi. Faida inakuja mzigo ukipungua kiasi cha kutosha Canter, lori dogo kuliko Fuso, au kuchangia lori na wengine.

Hatua ya 3: Anza kuuza wiki 3 kabla. Mnunuzi akikuta lori mlangoni, bei anapanga yeye.

Hatua ya 4: Nguo kwenye viroba, vitabu kwenye maboksi madogo, sahani zisimame kwa ubavu na gazeti katikati. Skrubu za kitanda zitie kwenye mfuko, uufunge kwenye mbao za kitanda hichohicho.

Hatua ya 5: Muulize dereva kama bei ina wapakiaji wa pande zote mbili, na kama anashusha mlangoni. Andikeni idadi ya vipande, asaini. Nusu ya malipo ibaki hadi mzigo ufike.

Hatua ya 6: Friji lizimwe siku moja kabla, likauke, lisafiri limesimama na kufungwa kamba. Likilazwa, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba, na ukiliwasha papo hapo kompresa inaweza kuungua. Lisimamishe saa 24 kwanza, hata kama watoto wanalilia maji baridi.