Kikokotoo cha Grafu Kabla ya Somo la Kalkulasi

Mwanafunzi anayeingia kwenye kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, kwa kukariri kanuni huweza kupata majibu sahihi bila kuelewa ni kwa maana gani mkunjo unaweza kuwa na mteremko, na pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa wiki chache kabla, kwa kikokotoo cha grafu kama TI-84 au kwa programu ya GeoGebra kwenye simu.

Anza na y = x². Mwanafunzi aichore kwanza kwa mkono, kisha ailete kwenye skrini na kuikuza mara kadhaa kuzunguka nukta (1, 1), mpaka mkunjo uonekane kama mstari ulionyooka. Usimwambie mapema atakachokiona. Baada ya hapo akokotoe mteremko kati ya nukta hiyo na ile yenye x = 1.1, halafu 1.01, halafu 1.001. Atapata 2.1, 2.01 na 2.001, na atasema mwenyewe kwamba namba zinaikaribia 2 kabla hajalisikia neno kikomo. Sasa mpe y = |x| aikuze penye sifuri. Kona ile hainyooki hata akikuza kutwa nzima, na swali la kwa nini linastahili kipindi kizima.

Mfundishe pia kukitilia shaka kifaa chenyewe. Kwa kawaida skrini ya TI-84 huonyesha kuanzia −10 hadi 10 pande zote, kwa hiyo grafu ya y = x³ − 12x huonekana kama vipande vitatu visivyoungana, kwa sababu kilele chake kiko kwenye 16 na bonde lake kwenye −16. Grafu ya (x² − 1)/(x − 1) nayo hufanana na mstari mzima, ilhali jedwali la thamani la kifaa likifika x = 1, ambapo unagawanya kwa sifuri, huonyesha kosa. Na kabla ya kuchunguza sin x / x karibu na sifuri, hakikisheni kifaa kinapima pembe kwa radiani: kikiwa kwenye digrii, badala ya 1 mtaona takriban 0.01745, mtego unaowanasa hata walimu.

Aljebra ya mkono iendelee sambamba. Hata mtihani wa AP Calculus wa Marekani, unaodai kikokotoo cha grafu, una sehemu ambazo hakiruhusiwi kabisa.