Somo: Kuendesha timu ya kikapu ya chuo Moshi kwa bajeti ya kubana

Wakuu, somo hili ni la waliokabidhiwa timu: waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, mlezi, au kocha wa kujitolea. Kosa la kawaida ni fungu kuingia tu na watu kukimbilia jezi, maana jezi zinaonekana kwenye picha. Anza na goli.

1. Goli

Beba ngazi na futi ya kupimia. Ukingo wa juu wa ringi uwe mita 3.05 kutoka chini. Pima pande zote mbili, hasa kama uwanja ulimwagiwa zege jipya juu ya la zamani na nguzo zikaachwa zilivyo.

Ringi ikipinda, nenda kwa fundi wa kuchomelea na nondo ya mm 16. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Unamwambia fundi "sentimita 45", naye anapima nje kwa nje, ringi inatoka na nafasi isiyofika hata 42 kwa ndani. Wapigaji wako watakosa wiki nzima bila kujua kwa nini. Mwambie 45 ni ndani kwa ndani, na nondo aikate sentimita 146.5 kabla ya kuikunja. Chini yake achomelee vishikizo 12 vya nyavu, uwazi usizidi mm 8 ili kidole kisinase. Kutoka uso wa ubao hadi ukingo wa ndani wa ringi ziwe sentimita 15.

Funga kwa bolti nne, kila moja na washa ya springi na nati mbili. Nati moja hulegea kwa mtikisiko, ringi ikaanza kuinama mbele, halafu lawama zote wanatupiwa wanaoning'inia (nao wana lao).

Plaiwudi moja ya mm 18, ya futi 8 kwa 4, inatoa ubao kamili wa mita 1.80 kwa 1.05. Paka kingo rangi ya mafuta mara mbili kabla hujagusa uso. Mvua ya masika huingilia kingoni, tabaka zikaachana.

2. Mipira

Kwa wachezaji 15, mipira sita ya mazoezi inatosha, na mmoja wa mechi ufungiwe kabatini. Namba 7 wanaume, namba 6 wanawake, msichanganye. Kwenye zege nunua ya raba. Ya ngozi ni ya ndani, sakafu ya saruji inaichuna kama karoti. Sindano ya pampu ilowanishe kabla ya kuiingiza: ikiwa kavu inasukuma valvu ndani, na mpira huo ndiyo basi tena. Kiasi cha upepo kimeandikwa karibu na tundu la valvu.

3. Jezi

Seti mbili, nyeupe na ya rangi nzito. Usichapishe majina mgongoni. Mwenye jina atahitimu, jezi itabaki.

4. Safari

Hapa ndipo pesa inapoishia. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, lakini usipige hesabu ya saa moja: kuna vibao vya 50 njiani, na Usa River na Tengeru pana foleni. Weka saa mbili na zaidi. Ukikodi Coaster, uliza mambo matatu kabla ya kukubali bei: mafuta ni ya nani, posho ya dereva ni ya nani, na gari likichelewa kurudi inakuwaje. Omba wenyeji wapange mechi ya wanawake na ya wanaume siku moja, gari liende mara moja.

Chakula kiliwe zikiwa zimebaki saa tatu mechi kuanza. Njiani beba ndizi mbivu, karanga na dumu la maji la lita 20.

5. Masurufu

Andika dokezo (ombi la maandishi la pesa) mapema, likiwa na ankara kifani, yaani karatasi ya bei unayopewa na muuzaji kabla ya kununua. Ukipewa masurufu, yaani pesa ya kutumia kwanza kisha kuitolea hesabu, rejesha risiti wiki hiyo hiyo. Fundi wa mtaani hana mashine ya risiti, kwa hiyo nondo, bolti na rangi vinunue mwenyewe dukani kwa jina la chuo, fundi umlipe ufundi tu na asaini. Masurufu yasiporejeshwa, dokezo la safari inayofuata litalala mezani kwa mhasibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, viatu je? Vijana wanacheza na raba za kawaida, vifundo vinateguka.

Jibu: Nendeni mitumba, pale Memorial. Msiangalie ung'aavu. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba, kisha ukunje kiatu. Ikipasuka au kutoa unga, imeoza ikiwa stoo, itaachia robo ya kwanza. Chagua soli pana kisiginoni.

Swali: Timu ya wanawake tuko saba tu, tunaambiwa tuivunje.

Jibu: Usivunje, dada. Mechi inaanza na watano, na timu inashindwa kwa upungufu pale tu uwanjani wakibaki chini ya wawili. Adui yenu ni faulo, tano mtu anatoka. Chezeni ulinzi wa kanda, wawili mbele watatu nyuma, na mwenye faulo tatu kabla ya mapumziko akae benchi.

Swali: Uwanja wetu unateleza wakati wa mvua, una ukijani. Tupake rangi?

Jibu: Hapana, rangi ya mafuta ikilowa inateleza kuliko huo ukijani. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, acha robo saa, suuza, uwanja ukauke. Rangi iishie kwenye mistari, upana sentimita 5. Na kateni matawi yanayoweka kivuli, la sivyo mtasugua tena mwezi ujao.