Namna ya Kumpendekezea Msikilizaji Mwenzako Albamu za Jazi

Anayeombwa albamu muhimu za jazi kwa kawaida hutuma orodha ndefu, naye aliyetumiwa huishia nusu ya kibao cha kwanza. Afadhali utoe albamu moja, sababu moja na mahali pamoja pa kutegea sikio, kisha usubiri jibu kabla ya kutoa ya pili.

Muulize kwanza amezoea muziki gani, kwa kuwa sifa za albamu hazimsaidii mtu ambaye sikio lake bado halijapata pa kushika. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi wa bendi kama Morogoro Jazz au OK Jazz (ambazo, majina yasikuchanganye, hazikuwa zikipiga jazi ya Kimarekani) tayari anajua jinsi ala zinavyopokezana. Huyo mpe Moanin' ya Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, iliyorekodiwa mwaka 1958. Katika kibao kilichobeba jina hilo, piano ya Bobby Timmons hutoa kauli, kisha tarumbeta ya Lee Morgan na saksafoni ya Benny Golson huitikia kwa noti mbili, kama waumini wanavyomwitikia mhubiri. Mwambie mara ya kwanza asikilize majibizano hayo tu. Anayependa kuhesabu mdundo ataanza vizuri na Time Out ya Dave Brubeck, ya mwaka 1959, ambamo "Take Five", utunzi wa mpiga saksafoni Paul Desmond, huenda kwa mapigo matano badala ya manne yaliyozoeleka.

Kind of Blue ya Miles Davis hupendekezwa mno na, kwa maoni yangu, mara nyingi hupendekezwa vibaya, kwa sababu kumwambia mtu kwamba hakuna albamu bora kuliko hiyo ni kumpa mtihani badala ya muziki. Mwelekeze kwenye "So What". Piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers huanza taratibu, kana kwamba hazijaamua ziende wapi, kisha besi hushika mada na wengine wakaijibu; karibu dakika moja na nusu tangu mwanzo, toazi la Jimmy Cobb hulia kwa kishindo pale Davis anapoingia na tarumbeta yake. Mtajie pia toleo la kutafuta. Albamu hiyo ilirekodiwa New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, na kwa kuwa mashine ya kurekodia ilikwenda polepole kidogo siku ya kwanza, vibao vitatu vya upande wa kwanza vilisikika kwenye santuri vikienda kasi kidogo na kwa sauti nyembamba kidogo kuliko vilivyopigwa, kasoro iliyorekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Matoleo marefu huongeza rekodi za ziada baada ya "Flamenco Sketches", kibao cha mwisho cha albamu yenyewe, kwa hiyo umshauri aishie kwenye kibao hicho.

A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, usiitume kipande kipande. Sehemu zake nne huchukua takriban dakika 33 na zinafuatana kwa makusudi, kwa hiyo msikilizaji atenge muda huo na azime mpangilio wa simu unaorukaruka vibao.

Kwa wasemaji wa Kiswahili ipo zawadi ambayo orodha nyingi huisahau: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mwaka 1960 kwa mpangilio wa muziki wa Melba Liston na maneno ya mshairi Langston Hughes, ambamo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anaghani kwa Kiswahili. Sehemu yake ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues".

Mwenzako akirudi, usimuulize kama amependa, maana atakujibu kwa adabu tu. Muulize alikuwa akimfuata mpigaji gani, kwa kuwa jina hilo ndilo litakalokuonyesha albamu inayofuata. Aliyemfuata Bill Evans mpe Waltz for Debby, iliyorekodiwa tarehe 25 Juni 1961 katika klabu ya Village Vanguard, ambako glasi na mazungumzo ya wateja husikika nyuma ya piano. Aliyevutwa na saksafoni ya Cannonball Adderley katika Kind of Blue mpe Somethin' Else ya mwaka 1958. Akisema hakumfuata yeyote, achana na albamu hiyo kwa muda na umwombe akupendekezee moja ya kwake.