Namna ya Kusimamisha Makato ya Kila Mwezi Yanayotokana na Ofa za Kurudishiwa Pesa Mtandaoni

Mwaka juzi niliagiza taa za kichwani na mifuko ya kulalia kutoka duka moja la mtandaoni la Uingereza, kwa ajili ya wapagazi wa ofisi yetu ndogo ya utalii hapa Moshi. Mzigo ulipelekwa kwa mdogo wangu anayeishi mji wa Reading hukohuko Uingereza ili aje nao likizo. Malipo yalipokamilika, chini ya maneno ya kunishukuru palitokea kitufe kikubwa cha kijani kilichosema kwamba nitarudishiwa pauni 15 nitakaponunua tena. Nilibofya, nikajaza anwani ya barua pepe, nikajaza na namba za kadi nikiamini kwamba ndiyo njia ya kunifikishia fedha hizo, kisha nikaendelea na kazi nyingine. Takriban miezi mitano baadaye, nilipoomba taarifa ya akaunti kwa ajili ya kufunga hesabu za mwaka, nilikuta pauni 15 zimekatwa mara nne na kampuni ambayo sikuwahi kulisikia jina lake. Jumla ilikaribia shilingi laki mbili.

Tangu nianze kulisimulia jambo hili nimekutana na wengine waliokatwa vivyo hivyo, wakiwemo mwongoza watalii wa Arusha aliyenunua darubini na mwalimu jirani yangu aliyemnunulia vitabu binti yake anayesoma ng'ambo. Wote wawili walinyamaza kwa sababu waliona aibu, na kila mwezi waliokaa kimya ulikuwa mwezi mwingine wa kukatwa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Ofa hizi zinavyofanya kazi

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba duka ulilonunua na kampuni inayokukata ni pande mbili tofauti. Duka huiruhusu kampuni hiyo kuweka tangazo lake kwenye ukurasa wa mwisho, nalo hulipwa kwa ruhusa hiyo. Mahali hapo pamechaguliwa kwa makusudi, kwani mnunuzi bado ana imani na duka, kadi bado iko mkononi, na hofu ya kulipa imekwisha kumtoka. Nyuma ya kitufe kuna uanachama wa klabu ya mapunguzo: mwezi wa kwanza ni wa majaribio bila malipo, kisha ada hukatwa kila mwezi mpaka mwanachama mwenyewe aseme basi. Ukimya wako huhesabiwa kuwa ridhaa. Masharti yote yameandikwa, lakini kwa herufi ndogo pembeni mwa fomu, kama vile kwenye redio zetu tunavyosikia "vigezo na masharti kuzingatiwa" yakisemwa kwa pumzi moja baada ya tangazo refu la zawadi.

Hata zile pauni 15 zilizoahidiwa kwa kawaida haziji zenyewe. Mwanachama hutakiwa kuzidai, kwa kutuma ushahidi wa ununuzi katika muda uliowekwa, na wengi hawafanyi hivyo kwa sababu hawajui kwamba wamejiunga na chochote.

Nchini Marekani mbinu hii ilichunguzwa na kamati ya Baraza la Seneti, ambayo mwaka 2009 ilieleza kwamba kampuni tatu za aina hiyo, zikishirikiana na mamia ya maduka ya mtandaoni, zilikuwa zimejipatia zaidi ya dola bilioni 1.4. Wakati huo mnunuzi hakuhitaji hata kujaza namba za kadi upya, kwa sababu duka lenyewe lilizipitisha kwa kampuni mara tu mteja alipoandika barua pepe yake. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2010 ilipiga marufuku upitishaji huo, ikaitaka kampuni ya pembeni ieleze wazi masharti yake na ipokee namba kamili ya kadi kutoka kwa mnunuzi mwenyewe.

Kutokana na historia hiyo tunapata dalili iliyo bora kuliko zote. Kila mtu hapa kwetu anajua kwamba anayetaka kukutumia pesa kwenye simu anahitaji namba yako ya simu tu, na kwamba akianza kuuliza namba ya siri hana nia ya kukupa kitu. Kadi nayo ni hivyo hivyo. Tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi hutumika kuidhinisha malipo yanayotoka kwako. Kwa hiyo ofa yoyote inayokuahidi pesa na papo hapo ikakutaka ujaze kadi pamoja na tarakimu hizo tatu ichukulie kuwa ni ombi la kulipishwa, hata kama neno "bure" limeandikwa mara kumi. Marejesho ya kweli yanayotolewa na duka lenyewe, au na benki, hurudi kwenye kadi iliyokwisha kulipia, bila kukuomba kuiandika upya.

Soma pia ujumbe wa uthibitisho unaotumwa na benki kwenye simu. Watu wengi huchukua tarakimu zilizomo kwenye ujumbe huo na kuzijaza bila kuangalia jina la muuzaji na kiasi kilichotajwa. Ukiona umekwisha kulipia bidhaa, kisha ukaja ujumbe wa pili wenye jina usilolijua, hata kama kiasi ni sifuri au ni kidogo sana, usizijaze tarakimu zake. Uthibitisho huo ukishatolewa mara moja, makato ya miezi inayofuata yanaweza kupita bila wewe kuulizwa tena.

Ukishakatwa

Anza na taarifa ya akaunti, nakala kamili yenye tarehe na majina, kwani ujumbe mfupi wa simu hautoshi. Jina linaloonekana huenda lisifanane na jina la duka wala la ofa, lakini mara nyingi huambatana na anwani ya tovuti au namba ya simu. Kisha rudi nyuma takriban siku 30 kabla ya kato la kwanza uone ulinunua nini siku hiyo. Hapo ndipo ulipojiungia. Fungua barua pepe zako, na usisahau jalada la matangazo na lile la barua taka, utafute maneno ya Kiingereza kama "membership", "trial" na "cashback". Mimi barua ya kunikaribisha niliikuta kati ya matangazo ya viatu, haijafunguliwa. Ndani yake kulikuwa na namba ya uanachama ambayo nilikuja kuihitaji katika kila hatua iliyofuata.

Usikimbilie benki kusema umeibiwa. Hilo ndilo kosa nililofanya, na lilinipotezea muda. Ofisa kijana aliyenihudumia alinisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Mama, mfumo unaonyesha kadi ilijazwa na uthibitisho ukatumwa kwenye simu yako."

"Ni kweli, mwanangu, nilijaza mimi mwenyewe," nilimjibu, "lakini nilijaza nikiahidiwa kupewa."

"Basi tusiandike wizi, mama. Tuandike kwamba umesitisha uanachama na unapinga makato. Lakini kwanza niletee kitu kinachoonyesha kwamba umesitisha."

Alikuwa sahihi. Benki hutenganisha muamala uliofanywa na mtu mwingine asiyeruhusiwa na muamala wa mkataba ambao mteja anaupinga, na ushahidi unaotakiwa kwa kila mmoja ni tofauti. Ukidai wizi ilhali kampuni inaweza kutoa barua pepe yako, tarehe na saa uliyojaza fomu, dai lako lote linadhoofika.

Kwa hiyo iandikie kampuni siku hiyohiyo. Unaweza kusitisha kwa kuingia kwenye ukurasa wao wa wanachama, lakini hata ukifanya hivyo tuma na barua pepe, kwa sababu kitufe ulichobofya hakiachi karatasi mkononi mwako. Kupiga simu Uingereza kutoka hapa kuna gharama, na ofisi zao ziko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, hivyo maandishi ni bora. Andika kwa Kiingereza rahisi: taja jina lako, namba ya uanachama na barua pepe uliyojiungia, sema kwamba unasitisha uanachama kuanzia tarehe ya barua, dai urejeshewe makato yote ukiyataja moja moja kwa tarehe na kiasi, na ueleze kwamba hukuwahi kutumia punguzo lolote, halafu taka wafute taarifa za kadi yako na wakuthibitishie kwa maandishi. Kama bado uko ndani ya siku 14 tangu ujiunge na kampuni ni ya Uingereza, taja kanuni zao za mwaka 2013 kuhusu mikataba ya watumiaji, ambazo kwa kawaida humpa aliyenunua huduma kwa mbali siku hizo za kujitoa bila kutoa sababu. Piga picha za skrini za kila ukurasa unaopita.

Jibu la kwanza huenda likawa la kukupoza. Mimi nilipewa mwezi mmoja "kama ishara ya nia njema". Nilikataa kwa heshima, nikarudia dai langu lote na kuwaeleza kwamba nimeiarifu benki yangu ili ipinge makato hayo. Siku ya tatu walikubali kurudisha miezi mitatu. Ushauri wangu ni huu: usiandike kwa hasira, na usikubali sehemu kabla hujadai yote mara mbili.

Wakati mazungumzo hayo yanaendelea, benki nayo isisubiri. Peleka barua kwenye tawi lako ukiambatisha taarifa ya akaunti yenye makato uliyoyazungushia kalamu pamoja na nakala ya barua ya kusitisha, na uhakikishe nakala unayobaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa. Maneno yanaweza kuwa haya: "Ninapinga miamala ifuatayo iliyofanywa kupitia kadi yangu, kwa kuwa inatokana na uanachama ambao sikuelezwa wazi kwamba ungenitoza ada, na ambao nimeusitisha tarehe iliyotajwa. Ninaomba benki ianzishe taratibu za kupinga miamala hii kupitia mtandao wa kadi, na izuie malipo yoyote mapya kutoka kwa muuzaji huyu." Kwa aina nyingi za mapingamizi, kanuni za Visa na Mastercard, yaani mitandao yenyewe ya kadi, hutoa muda wa siku 120, na kila kato lina hesabu yake. Kato lako la zamani zaidi ndilo linaloharibika kwanza.

Kubadilisha kadi peke yake hakutoshi. Mitandao ya kadi ina huduma inayoweza kuwapelekea wauzaji namba mpya ya mteja pale kadi inapobadilishwa, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kwa hiyo muulize ofisa wa benki moja kwa moja kama kadi mpya itaunganishwa na malipo ya zamani, na umtake azuie jina la muuzaji lenyewe. Vilevile usidhani kwamba kuiacha akaunti bila salio ni kusitisha. Kampuni hurudia kujaribu kukata, na siku mshahara au malipo ya mgeni yanapoingia, wanakuta pesa.

Kama ulitumia kadi ya mtandaoni iliyofunguliwa kupitia huduma ya pesa za simu, kazi ni nyepesi kidogo, kwa kuwa unaweza kuifunga kadi hiyo na kufungua nyingine; hata hivyo barua ya kusitisha kwa kampuni bado inahitajika, maana kufunga kadi hakufuti mkataba. Makato ya salio la simu yanayotokana na huduma za ujumbe mfupi ni suala jingine, na hayo hupelekwa kwa mtandao wa simu wenyewe kisha Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Benki ikikaa na barua yako bila kujibu, au ikikujibu kwa mdomo tu, andika malalamiko rasmi kwa meneja wa tawi na utaje Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Usiporidhika na majibu, unaweza kuyapeleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Arusha, jambo linalotufaa sisi wa kaskazini. Elewa tu kwamba Benki Kuu itaangalia jinsi benki yako ilivyokuhudumia; haitakwenda kuidai kampuni ya Uingereza kwa niaba yako.

Fedha za miezi mitatu zilirudi kwenye akaunti yangu baada ya siku tisa. Zilipungua kidogo kwa shilingi, kwa sababu kiwango cha kubadilishia siku ya kurudisha hakikuwa kile cha siku ya kukata. Kato moja lililobaki, lile la kwanza kabisa, sikurudishiwa. Siku nilipoingia benki kwa mara ya kwanza nikidai wizi, lilikuwa limebakiwa na siku chache ndani ya zile 120; siku niliporudi na barua iliyoandikwa sawasawa, muda wake ulikuwa umepita. Niliendelea kuikagua akaunti kwa miezi miwili zaidi, tarehe ileile waliyozoea kukata, mpaka nilipojiridhisha kwamba hakuna kilichojaribiwa.