Kudai gharama za gari kwenye ritani ya KRA ukiwa umejiajiri

Juni iliyopita dada mmoja anayeoka keki hapa Section 58, Nakuru, aliniletea bahasha ya kaki iliyofura risiti. "Nipigie hesabu ya gari, nijue nitarudishiwa ngapi." Nikamwambia hakuna anayerudishiwa chochote. Gharama ya gari inapunguza faida, na ushuru unatozwa kwa faida iliyobaki, basi. Tulipomaliza kuzichambua, zaidi ya nusu ya zile risiti zilirudi kwenye bahasha.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, si mhasibu. Lakini ritani yangu ya KRA, yaani Mamlaka ya Ushuru Kenya, naijaza mwenyewe, na gari langu la Probox ndilo linalonilia pesa kuliko kitu kingine chochote. Njia yangu ni hii.

Hatua ya 1: Hakikisha hauko kwenye TOT (ushuru wa mauzo)

Ingia iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, uangalie umesajiliwa kwa ushuru gani. Ukikuta TOT, gari lako halina nafasi kabisa. Ushuru huo ni wa wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, na hukatwa asilimia 3 ya mauzo yote bila kutoa gharama hata ya shilingi moja.

Chukua mtu aliyeuza milioni 2 na kubaki na faida ya 300,000. Kwa TOT analipa 60,000. Kwa ushuru wa kawaida angelipa 31,800, atoe nafuu ya kibinafsi ya 28,800, abaki na deni la 3,000. Sheria inakuruhusu kuiandikia KRA uondolewe kwenye TOT. Andika mapema, usingoje Juni.

Hatua ya 2: Daftari la safari

Huku kwetu logibuku ni hati ya kumiliki gari, kwa hivyo nikisema daftari nina maana ya daftari la shule la kurasa 96, linalokaa mlangoni mwa dereva na kalamu yake. Programu za simu nimejaribu mbili. Zote zilikufa pamoja na chaji nikiwa Elburgon.

Andika tarehe, ulikokwenda, kazi gani, na mita ilisoma ngapi kuondoka na kurudi. Mfano: "Njoro, pampu ya kisima, 151,340 – 151,384." Kumpeleka mtoto shule si kazi, hata kama shule iko njiani. Tarehe 1 Januari na 31 Desemba piga picha ya mita.

Hatua ya 3: Risiti, na hapa ndipo watu huumia

Tangu Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) haikubaliki, ukiacha vichache kama riba ya benki na makato ya uchakavu. Na si eTIMS tu: lazima PIN yako, namba yako ya mlipa ushuru, iwe juu yake. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba ulilipa, lakini si risiti ya ushuru. Mwaka wa kwanza nilikuwa na petroli ya takriban 80,000 yenye risiti nzuri za eTIMS, zikiwa na msimbo wa mraba na kila kitu, ila mahali pa PIN ya mnunuzi palikuwa patupu. Nilizunguka siku mbili kwenye vituo vya mafuta nikiomba zirekebishwe. Risiti ikishatumwa KRA haifutwi. Muuzaji lazima atoe hati ya kuibatilisha, kisha atoe nyingine upya, na hakuna mhudumu wa pampu atakayekufanyia hivyo kwa mafuta ya miezi mitano iliyopita. Kwa asilimia 75 ya matumizi ya kazi na ushuru wa asilimia 30, nilipoteza 18,000.

Sasa nina kikaratasi kigumu chenye PIN yangu kwa herufi kubwa, nimekibandika nyuma ya kinga-jua. Kabla bomba halijaingia kwenye tangi nakionyesha: "Boss, nataka risiti ya eTIMS, PIN ndiyo hii." Akijibu "mashine imelala, mzee", namshukuru naendelea mbele. Vituo havijaisha Nakuru. Kisha naisoma risiti kabla sijawasha gari. PIN ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni na P, na wahudumu wamezoea P. Herufi ya mwisho nayo hukosewa sana. Skani ule msimbo kwa simu uone kama inafunguka kwenye ukurasa wa KRA, halafu uipige picha siku hiyo hiyo. Karatasi ya risiti ikikaa kwenye dashibodi juani inarudi kuwa nyeupe, na kumbukumbu unatakiwa uziweke miaka 5.

Makanika wa jua kali ni kesi nyingine. Wangu hajui eTIMS wala hataki kuijua. Tangu mwisho wa 2024 mnunuzi anaweza kutoa risiti kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, mradi huyo muuzaji akubali. Binafsi naona ni rahisi zaidi kununua spea mwenyewe duka lenye eTIMS, halafu makanika nimlipe kazi ya mkono wake tu. Hiyo pesa ya mkono siidai, na urafiki wetu umebaki pale pale.

Usidhani gharama isiyo na risiti haionekani. KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 gharama za kwenye ritani zinalinganishwa na zilizo kwenye eTIMS.

Hatua ya 4: Hesabu

Tuseme mita imetembea kilomita 24,000 mwaka mzima, na daftari linaonyesha 18,000 za kazi. Hiyo ni asilimia 75. Petroli 260,000, sevisi na spea 58,000, bima 42,000: jumla 360,000. Unadai 270,000.

Bei ya gari haidaiwi kwa mkupuo. Inakatwa kama uchakavu, asilimia 25 kwa mwaka, mafungu sawa, miaka minne imekwisha. Gari la 900,000 linakupa 225,000, na asilimia 75 yake ni 168,750. Gari dogo la saluni la zaidi ya milioni 3 huhesabiwa kana kwamba lilinunuliwa milioni 3. Kama ni la mkopo, riba inaingia kwa asilimia ile ile, lakini marejesho ya mkopo wenyewe hayaingii. Kile kitu kidogo ulichoachia polisi barabarani Salgaa hakina risiti, kisahau.

Hatua ya 5: Fomu

Ipakue iTax, uijaze kwenye kompyuta yenye Excel yenyewe, ruhusu makro (amri zilizomo ndani ya fomu), na utume kabla ya 30 Juni. Gharama zinaingia kwenye faida na hasara ya biashara, uchakavu kwenye karatasi yake. Ukiwa na pikapu, ile 5,000 au zaidi unayolipa kila mwaka kama ushuru wa mapema usiichanganye na gharama. Hiyo inatolewa moja kwa moja kwenye ushuru unaodaiwa, nzima, bila kukatwa asilimia 75.