Kupiga picha ngoma ya Kisukuma bila kumvua mchezaji jezi

Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni, simu yangu haipumziki: "Kaka, nataka kuja Kisesa kupiga picha za ngoma, nianzie wapi?" Nimeamua kuandika mara moja.

Hatua ya 1: Fika kabla ya kamera

Ukija Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma pale makumbusho ya Bujora, karibu na jiji la Mwanza, kazi ni nyepesi. Sherehe huangukia kipindi cha Sikukuu ya Ekaristi, watu ni wengi, na kamera zimezoeleka. Unapanda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, unashuka, unamalizia mwendo mfupi hadi Bujora.

Ngoma ya kijijini ni habari nyingine. Nenda siku moja kabla, kamera ibaki kwenye begi. Salimia "mwangaluka" kama ni asubuhi, kisha mtafute manju, yaani kiongozi wa ngoma. Mweleze picha zinakwenda wapi, halafu muulize kisichopigwa. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wameshindana tangu karne ya 19, na kila upande una dawa zake za kuvuta watazamaji. Ukiambiwa "hiyo acha", shusha kamera. Wala usijifanye mjanja kuvuta kwa lenzi ndefu ukiwa mbali, wanakuona.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi moja ya milimita 35 inatosha. Usibadilishe lenzi uwanjani, vumbi la Juni litaingia hadi kwenye sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha. Beba betri ya akiba. Simu nzuri nayo inafaa mchana.

Hatua ya 3: Mwanga

Saa sita mchana macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Kula, pumzika. Rudi saa kumi na moja jioni, simama jua likiwa nyuma ya wachezaji, uone vumbi linavyowaka miguuni pao. Ila hapo kamera itadanganywa na anga, na nyuso zitatoka giza tupu. Pima mwanga usoni kwa mchezaji, anga na liungue kama linataka kuungua.

Hatua ya 4: Jembe

Bugobogobo ni ngoma ya jembe: linazungushwa, linarushwa, linadakwa. Mizunguko mitatu ya kwanza usipige picha, sikiliza ngoma tu. Utaanza kujua mdundo upi unatangulia kurusha. Kisha weka shata (kasi ya kamera kufunga) 1/1000 ya sekunde na ubonyeze jembe likifika juu kabisa, pale linaposimama kidogo kabla ya kushuka. Ukitaka mwendo uonekane, shuka hadi 1/30 na umfuate mchezaji mmoja kwa kiuno chako, si kwa mikono.

Kaa pembeni, usikae mbele. Mwaka mmoja jembe lilimponyoka kijana likatua hatua mbili kutoka kwenye begi langu. Watu walicheka, mimi nilichelewa kucheka.

Pande mbili zikishindana, umati hukimbilia kunakonoga zaidi, na wingi wa watu ndio ushindi. Usikimbie nao. Geuka upige nyuso zinazokuja.

Hatua ya 5: Jezi iache

Hapa ndipo wengi wanaharibu, nami niliharibu. Nilimwomba kijana mmoja avue jezi ya mpira na saa ya mkononi, picha iwe ya "asili". Alivua. Akacheza kama mtu aliyeazima nguo. Bibi mmoja aliyekuwa kando akaniuliza, "Mwanangu, hilo jembe nalo limenunuliwa dukani, mbona hujamwambia aliweke chini?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo natafuta vitu viwili ndani ya fremu moja: mzee mwenye shanga kichwani, na nyuma yake mjukuu anamrekodi kwa simu. Piga magoti, simu iwe juu ya bega la mzee, na usubiri mjukuu atabasamu kwa anachokiona kwenye kioo. Kusubiri huko kunaweza kula dakika ishirini.

Hatua ya 6: Rudisha picha

Usiishie kutuma kwa WhatsApp. Chapisha mjini, andika jina nyuma kwa penseli, peleka mwenyewe kwa manju.

Yule kijana nilimpelekea mbili: moja niliyoiwahi kabla sijamvua jezi, na ile ya "asili". Ya jezi aliiweka mfukoni. Ya pili aliitazama, akanirudishia.

"Huyu simjui," akasema.