Somo: Jinsi ya kumfundisha mpigaji wa besiboli katika ligi ndogo bila kumharibu

Ninaandika somo hili kwa sababu kila wiki ninaulizwa swali lile lile, nimpe mchezaji wangu zoezi gani ili aanze kupiga vizuri, na kila mara ninajibu upya kuanzia mwanzo. Mimi ni kocha wa upigaji katika timu ya ngazi ya Single-A nchini Marekani. Kwa wasiofahamu, timu 30 za ligi kuu zina timu 120 za ligi ndogo chini yake katika ngazi nne: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Sisi wa Single-A tuko chini kabisa ya ngazi hizo, na wapigaji wetu wengi ni vijana wanaocheza kila siku kwa mara ya kwanza maishani mwao.

Hatua ya 1. Fika mapema, mechi ikianza saa moja jioni, mimi huwa kwenye kizimba cha mazoezi tangu saa saba mchana.

Hatua ya 2. Kagua magongo, maana ya mbao hupata nyufa ambazo hazionekani kwa mbali.

Hatua ya 3. Mtazame mchezaji mpya kwa wiki mbili bila kumrekebisha chochote. Ratiba yetu inasaidia katika hili, kwa sababu tunacheza na wapinzani wale wale mechi sita, Jumanne hadi Jumapili, kisha Jumatatu tunapumzika au tunasafiri kwa basi. Ndani ya mechi sita utawaona warushaji wao karibu wote, na utajua kama kijana anashindwa na mpira wa kasi, mpira wa kupinda, au mpira wa polepole wa kumhadaa.

Hatua ya 4. Tafuta chanzo cha kosa kabla ya kugusa mikono yake. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipomharibia kijana msimu wake.

Alikuwa na miaka 19, ametoka Jamhuri ya Dominika, na alikuwa akichelewa kila mpira wa kasi. Niliona anashika gongo juu sana, karibu na sikio, nikamwambia ashushe mikono hadi usawa wa bega. Kwenye mashine ya kurusha mipira alipiga vizuri mno, nami nikaamini nimemponya. Kwenye mechi hali ilizidi kuwa mbaya. Mipira yake ikawa inabiringika chini bila nguvu, naye akaanza kuwaza mikono kila anaposimama kupiga. Nilipokuja kutazama picha za video zilizochukuliwa kutoka ubavuni ndipo nikaona kwamba tatizo halikuwa mikono hata kidogo. Mguu wake wa mbele ulikuwa unatua wakati mpira umeshafika nusu ya njia, na mtu ambaye mguu wake haujatua hawezi kuzungusha kiuno. Mashine ilinidanganya kwa sababu hutoa mpira ule ule kwa mwendo ule ule, hivyo aliweza kuuvizia. Ilituchukua sehemu kubwa ya msimu kurudisha kile alichokuja nacho siku ya kwanza, na nilimwomba radhi.

Fahamuni hesabu yenyewe. Kutoka kwa mrushaji hadi bamba la mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, na gongo lenyewe huhitaji takriban sehemu 15 za mia za sekunde kufika kwenye mpira. Muda unaobaki ni wa kuona na kuamua; hakuna nafasi ya kukumbuka maagizo ya kocha.

Kwa hiyo: usiamini badiliko ulilolipima kwenye mashine peke yake. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja. Usizungumzie mkao wa mwili mechi ikiendelea. Na kabla ya yote muulize mwenyewe anahisi nini, kwa lugha yake, hata kama itabidi umwite mkalimani.

Hatua ya 5. Rekebisha wakati wa mguu kutua kwa kuchanganya mipira ya kasi na ya polepole bila kumtangulizia habari.

Hatua ya 6. Siku ya mechi mpe neno moja tu. Langu ni "mapema".

Hatua ya 7. Andika kila siku ni mipira gani aliipiga na ipi aliiacha. Usitawaliwe na wastani wa upigaji, kwa sababu hata mwenye wastani wa .300, ambaye ni mpigaji mzuri, hushindwa mara saba katika kila kumi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kocha, naomba zoezi moja la kumfanya kijana wangu apige mpira hadi nje ya uwanja. Sina muda wa kusoma yote.

Jibu: Soma hatua ya 4.

Swali: Mbona hutaji pembe ya mpira unapotoka kwenye gongo? Siku hizi makocha wote wanafundisha hiyo. Naona somo lako limepitwa na wakati.

Jibu: Sijapitwa na wakati, ndugu yangu. Vipimo hivyo vimekuwepo katika viwanja vya ligi kuu tangu 2015, nasi tunavitumia kila siku. Lakini pembe ni matokeo. Mpigaji aliyechelewa, hata ukimwagiza ainue mpira, atauinua kuelekea upande asiotaka na bila nguvu. Rekebisha wakati kwanza, ndipo uangalie pembe.

Swali: Habari za kazi, kocha. Ninafundisha watoto Kampala na hatuna mashine wala kizimba. Je, hatua ya 5 tunaweza kuifanya kwa mkono? Umbali uwe kiasi gani?

Jibu: Ahsante sana kwa swali hili. Mnaweza, na pengine mtafanya vizuri kuliko wenye mashine. Simama mita 10 kutoka kwa mtoto, nyuma ya kinga ya wavu imara, urushe kwa takriban kilomita 90 kwa saa. Mpira utamfikia kwa sehemu nne za kumi za sekunde, sawa na ule wa kilomita 153 kutoka mbali. Kwa watoto wadogo punguza kasi, kisha kila baada ya mipira michache rusha mmoja wa polepole kwa mwendo ule ule wa mkono. Pia watoto wa Jamhuri ya Dominika hupiga vifuniko vya chupa kwa mpini wa ufagio, na kifuniko hupindapinda hewani kuliko mpira wowote. Uganda ilipeleka watoto Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ikiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto yanayofanyika huko, kwa hiyo endeleeni.

Swali: Shikamoo kocha. Mwanangu amesaini mkataba na timu. Atafika ligi kuu baada ya muda gani, na ataishi wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Muda hautabiriki. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, alisaini 2008 akafika Aprili 2017. Kuhusu makazi, tangu 2022 timu ndizo zinazowapangia wachezaji wengi wa ligi ndogo, na mkataba wa chama chao wa 2023 uliweka mshahara wa chini wa Single-A kuwa dola 26,200 kwa mwaka.

Swali: Nje ya mada kidogo: magongo yetu yanavunjika kila wiki. Tunakosea wapi?

Jibu: Tazama nembo iliyo kwenye gongo. Wakati wa kupiga ielekee juu au chini, isielekee kwa mrushaji, kwa sababu hapo ndipo mbao ni dhaifu. Na msiyaache usiku kwenye unyevunyevu.